Siku Tisa Bila Mlango

Ilikuwa mwaka 2023, katikati ya mvua za vuli, na harusi ya Rawda ilikuwa imebakiza siku ishirini na nne. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mbele ya baraza ya Mzee Sadiq, katika mtaa ulio nyuma ya bandari ya Kismayu, Somalia, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akimwomba mzee huyo chumba chake cha uani.

"Wangapi?" aliuliza Mzee Sadiq.

"Wawili, mzee wangu. Ilyas, mpagazi wa bandarini, na mkewe, Hanan. Wamerudi kutoka kambi ya wakimbizi Kenya miezi mitano iliyopita. Kibanda chao kimebebwa na maji jana, na mke ni mjamzito."

"Chumba changu hakina paa."

"Tutakiezeka. Kamati yetu ya kuwatafutia makao walioharibiwa na mvua ina watu kumi na mmoja, na wote wana mikono."

Mzee Sadiq alijifuta uso kwa ncha ya kikoi.

"Binti, mmegonga milango yote ya mtaa huu. Lakini ipo nyumba nzima, mpya, imepakwa chokaa, ina mlango wa kuchongwa, na haina mtu. Hiyo mbona hamkuigonga?"

Nyumba hiyo ilikuwa ya Rawda.

Kwa Wabajuni, nyumba ya ndoa hutoka upande wa mke, na mume ndiye anayeingia. Bibi yake Rawda, Mwanalima, mkunga wa mtaa na ndiye aliyemlea, alikuwa ameijenga kwa miaka sita: vyumba viwili vya mawe ya matumbawe, na ua. Mchumba wa Rawda, Famau, fundi wa mashua wa kisiwa cha Chovae, alichangia kitu kimoja tu, mlango wa mti wa mbambakofi alioutia nakshi kwa mkono wake. Na haikuwahi kutokea nyumba ya bibi harusi ikalaliwa na mtu mwingine kabla yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake.

"Bibi, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Wa nyumba. Nataka kuwaweka Ilyas na mkewe kwa siku kumi, mpaka tuezeke chumba cha Mzee Sadiq."

Mwanalima aliweka chini ungo wa mchele.

"Mila unaijua?"

"Naijua."

"Famau amekubali?"

"Nimempigia mara nne. Mtandao wa Chovae umekatika tangu mvua ianze. Nimemwandikia."

"Kwa hiyo hajakubali."

"Bibi, nitamwombaje Mzee Sadiq chumba chake hali changu nimekifunga kwa kufuli?"

Bibi huyo hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Aliufungua ufunguo kwenye pindo la leso yake, akauweka juu ya mchele.

"Chukua. Lakini ukishatoa, usiwasimange. Sikukufunza kutoa na huku unanung'unika."

Mzee Sadiq alipoona kitanda cha Hanan kinaingizwa katika nyumba ya bibi harusi, aligeuka akarudi kwake. Jioni hiyo hiyo alikabidhi kamati chumba chake cha uani. Siku iliyofuata majirani wengine watatu walitoa vyumba vyao: kimoja hakina paa, kimoja hakina sakafu, na kimoja hakina hata kuta zote. Kamati ilipokea vyote.

Kisha Hanan akajifungua kabla ya wakati wake, siku ya tatu tu, mtoto wa kiume mdogo kama mkate wa mofa. Mwanalima ndiye aliyempokea. Alipotoka uani na mikono imeoshwa, wanakamati walikuwa wamesimama wakingoja.

"Ni salama," alisema. "Na sasa sikilizeni. Mzazi hatolewi nyumbani kabla ya siku arubaini. Zile siku kumi zenu zisahauni."

"Bibi," alisema Adnani, kijana wa kamati aliyeendesha bajaji, "harusi je?"

"Mimi nimesema habari za mzazi. Za harusi aulizwe mwenye harusi."

Wote wakamgeukia Rawda.

"Arubaini," alisema Rawda. "Hata moja isipungue."

*

Ujumbe wa Rawda ulikuwa bado haujamfikia Famau. Lakini dada mkubwa wa Famau, Wafaa, hakungoja mtandao. Alipanda mashua ya abiria akaenda Chovae mwenyewe, akamkuta ndugu yake chini ya tumbo la mashua, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta.

"Umekaa hapa unaziba mashua za watu, na nyumba yako imejaa watu!"

"Watu gani, Dada?"

"Wageni. Rawda amewaingiza. Wanapika humo, wanalala humo. Mimi nakwambia, yule hakutaki tena. Angekutaka, angewalaza watu mahali pako kabla yako?"

"Amesema hanitaki?"

"Lazima aseme? Mtaa mzima unacheka."

Neno hilo la kuchekwa ndilo lililomwinua. Kesho yake saa tatu asubuhi alisimama mbele ya nyumba na gari la punda, nyundo mkononi na patasi kiunoni. Watu walikwisha kukusanyika. Rawda alitoka uani na nguo za mtoto zinadondoka maji.

"Famau! Alhamdulillahi, umekuja. Umepata ujumbe wangu?"

"Nimepata habari."

"Hiyo nyundo ya nini?"

"Nyumba ni yako, umeifanya utakavyo. Mlango ni wangu."

Alianza kung'oa bawaba ya juu.

"Famau, ndani mna mzazi."

"Mlango huu niliuchonga kwa ajili ya mke wangu. Sikuuchonga kwa ajili ya wapangaji."

"Hakuna mpangaji humu. Nitazame ninaposema nawe."

Hapo mtoto akalia. Kilio chembamba, cha siku tatu. Mkono wa Famau ulisimama hewani. Alikisikia; asije mtu akasema hakukisikia. Lakini nyuma yake walikuwapo watu wanatazama, na Wafaa alikuwa miongoni mwao, Famau akaona aibu kuishia katikati. Akaipiga nyundo. Mabamba yote mawili ya mlango yakapakiwa garini.

"Basi nenda," alisema Rawda. "Umebeba mbao. Tazama usisahau kitu kingine."

Mchana huo simu ya Famau ilishika mtandao wa mjini. Famau aliandika:

"Nyumba umewapa watu, na harusi wape watu."

Rawda alijibu:

"Nyumba nimeiazimisha kwa siku arubaini. Harusi sijampa mtu. Ukitaka kuivunja, njoo uivunje kwa mdomo wako mbele ya Bibi, si kwa simu."

Hakuja.

Kamati ilitundika leso mbili mlangoni, moja juu ya nyingine, kisha ikapanga zamu. Mchana walikaa wanawake, wakisuka makuti ya kuezekea. Usiku walikaa wanaume, Adnani akiiegesha bajaji yake kizingitini kuziba upepo. Mwanalima alikuja kila baada ya sala ya alasiri na kigoda chake, akaketi kati ya miimo miwili iliyo wazi, akasoma Qurani kwa sauti. Hakuna mbuzi wala mtu aliyethubutu kupita.

Wafaa alipita mara moja, akasimama mbali kidogo.

"Bibi Mwanalima, mlango wenu ni leso?"

"Hata leso inatosha, mwanangu, ukiwa na majirani. Karibu zamu."

Wafaa akaenda zake.

Siku ya tisa, Ilyas alimfuata Famau kwenye karakana ya seremala mmoja karibu na bandari, alikokuwa ameuhifadhi mlango. Mpagazi huyo alikuwa bado ana vumbi la saruji mabegani.

"Asalam alaikum. Wewe ndiwe Famau? Mimi ndimi ninayelala katika nyumba yako."

Famau aliweka randa chini.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kukuaga. Leo namtoa mke wangu. Nimepata turubai. Sitaki ndoa ya mtu ivunjike kwa sababu yangu."

"Ana siku ngapi tangu ajifungue?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Na wewe unamtoa kwenye mvua?"

"Ndugu yangu," alisema Ilyas taratibu, "wewe ulimwondolea mlango akiwa na siku tatu."

Ilyas aliugusa mlango ulioegemezwa ukutani.

"Siku tuliyoingia, mke wangu aliogopa kuupitia. Akamwambia Rawda: mwenye mlango huu atakasirika. Unajua Rawda alimjibu nini? Alisema, 'Aliyeuchonga ana moyo mpana, atafurahi kukukuta ndani.' Alisema hivyo mbele yangu. Basi mimi nilikuwa nakungoja kwa hamu, nikushukuru."

Famau alitoa simu, akampigia dada yake.

"Dada Wafaa. Rawda alisema lini kwamba hanitaki?"

"Mimi sikusema amesema. Nilisema inaonekana."

"Inaonekana wapi?"

"Famau, mimi nilikuwa nakulindia heshima yako!"

"Heshima yangu umeniacha nimeibeba juu ya gari la punda," alisema, akakata simu. Kisha akamwambia Ilyas: "Turubai lako liache hapa. Shika upande wa pili."

*

Waliurudisha mlango mchana kweupe, kwa njia ile ile, mbele ya watu wale wale. Mwanalima alikuwa juu ya kigoda. Hakuinuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimeurudisha mlango."

"Naona. Na siku tisa?"

"Siku tisa zipi, Bibi?"

"Ulizomwacha mzazi wazi. Majirani wamezikalia wao badala yako. Wengine wamepoteza vibarua, na Adnani amekohoa wiki nzima. Mbao umeleta. Siku umeziacha wapi?"

"Nitazilipaje?"

"Kwa kile ulichouchukulia mlango. Mkono ule ule, siku tisa."

Rawda alikuwa amesimama ndani, nyuma ya leso.

"Rawda," aliita Famau, "nisamehe. Nilimsikia mtoto, na bado nikapiga nyundo."

Rawda aliisogeza leso kidogo.

"Hilo la kusema ulimsikia," Rawda alijibu, "nimelipenda. Lakini leo sina jibu la ziada. Mabati ya Mzee Sadiq yako uani, na kamati haina fundi."

Siku ile ile aliingia kazini. Vile vyumba vibovu ambavyo kamati ilivipokea bila kujua itavifanyia nini, sasa vilipata fundi. Aliezeka cha Mzee Sadiq, akaingia mjane na wanawe wanne. Alitumia mbao kuukuu za mashua kusimamisha ukuta wa cha pili, wakaingia wazee wawili wa kisiwa cha Kudha waliokuwa wakilala msikitini. Wanakamati walimpa misumari na maneno.

"Fundi, huo nao utakuja kuung'oa?" Adnani aliuliza, ameushika mlango mpya.

"Cheka, cheka. Nimejitakia."

"Sichekei bure. Nataka kujua kama niiegeshe bajaji tayari."

Siku ya nane, Rawda alimletea chai na mahamri juu ya paa alikokuwa akipigilia. Walikaa mbali kidogo, kama adabu inavyotaka, na watu wote wakiwaona.

"Ilikuwa haki yangu uniulize kwanza," alisema Famau.

"Ni haki yako. Nilikupigia mara nne. Ningepiga mara arubaini. Hilo ni kosa langu, nalikubali."

"Lakini ungenipata, ningekataa. Hilo ndilo linaloniuma."

"Na sasa?"

"Sasa nimewaona wale wazee wakifunga mlango wao kwa ndani. Yule bwana alifunga, akafungua, akafunga tena, mara tatu." Alitikisa kichwa. "Rawda, kesho ni harusi, na nyumba yako ina mzazi. Mimi nitaingia wapi?"

"Katika chumba cha Bibi. Atahamia kwa Hanan mpaka arubaini itimie. Paa lake ni la bati, na linavuja upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wako."

Famau alicheka mpaka akashika boriti.

Siku ya harusi ilikuwa Ijumaa. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi, vijana waliokwenda kumtafuta bwana harusi wakamvishe, hawakumkuta kwao. Wafaa alikuwa mlangoni na kanzu mikononi, macho mekundu.

"Hayupo. Amesema ana siku moja imebaki."

Walimkuta chumba cha nne, uwanja wa pili kutoka kwa Mzee Sadiq, kile ambacho Ilyas na Hanan wangehamia baada ya arubaini. Alikuwa amepiga magoti juu ya saruji, anarekebisha kizingiti. Ilyas alimshikia mlango. Wafaa alisimama kidogo, akaiweka kanzu juu ya kigogo, akaokota misumari akawa anampa mmoja mmoja.

Adhana ya adhuhuri ilipokaribia, Mwanalima mwenyewe alikuja, amevaa nguo zake za harusi. Watu wakampisha. Aliufunga mlango, akaufungua, akaupiga kwa ngumi. Akapitisha kidole kwenye bawaba zote tatu.

"Hii ndiyo siku ya tisa?"

"Ya tisa, Bibi."

"Basi hudaiwi," alisema kikongwe huyo, kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia. "Simama ukaoge. Sitoi mjukuu wangu kwa mtu mwenye vumbi."