Pigo Moja Kule Kolombo

Jumatano moja, mapema mwaka wa 1946, Nyamvula binti Garama alikuwa akivuka daraja la Nyali kurudi kwao Frere Town, kichwani amechukua yadi sita za kitambaa cheupe cha gauni lake la arusi. Daraja lile lilielea juu ya maboya, na siku hiyo lilijaa wachuuzi wa kuku, makuli waliotoka zamu na akina mama wa samaki. Lori la jeshi likapita, daraja likayumba, na Nyamvula akamshika mkono mtu aliyekuwa karibu asije akaanguka. Alipoinua uso aombe radhi, akauachia mkono ule kama kaa la moto. Mtu mwenyewe alikuwa Ruwa.

Alikuwa amekonda, suruali ya kaki imenyooshwa kwa pasi, mfuko wa jeshi begani. Nyamvula alivaa gauni la buluu lenye maua madogo, na kwa miaka miwili unusu Ruwa hakuwa ameona kitu kizuri namna ile. Akatabasamu. Masikini, hakujua linalomngoja.

"Hujambo, Nyamvula?"

"Sijambo. Mkeo hajambo?"

Mama mmoja wa samaki akatua kapu lake ili asikie vizuri.

"Mke yupi?" Ruwa akauliza.

"Usinifanye mtoto. Yule uliyepiga naye picha."

Ruwa alikuwa Mrabai, dereva wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na alimposa Nyamvula kabla meli ya askari haijaondoka Kilindini. Barua zake zilikuja vizuri hadi katikati ya mwaka wa arobaini na nne, ilipofika ile yenye picha. Ndani yake Ruwa amevaa sare safi, amesimama na mwanamke wa Kizungu mwenye gauni jeupe, glavu nyeupe na shada la maua kifuani. Wameshikana mikono, na Ruwa amebeba kikombe cha fedha. Barua yenyewe mkaguzi wa jeshi aliikata kwa mkasi, kama ilivyokuwa desturi ya vita, yakabaki matobo na maneno machache: bahati yangu, mara moja tu, huyu bibi, watu wote wakapiga makofi, najua utafurahi.

Sasa Frere Town ya siku hizo mtu hakupigwa picha ovyo. Picha ilikuwa ya arusi, na kila nyumba ilikuwa nayo moja ukutani: bwana, bibi, glavu na maua. Shangazi yake Nyamvula aliitazama mara moja tu akatoa hukumu kwamba hii ni ndoa ya kanisani, na kikombe ni cha ushirika. Nyumba nzima ikaafiki. Nyamvula alilia siku tatu, na siku ya nne akaapa kwamba mwanamume yule hatamliza tena. Ndipo akaja Elkana, karani wa bandarini, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, akaposa akakubaliwa. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani Jumapili mbili, na ya tatu ilikuwa Jumapili ile iliyokuwa ikija.

Ruwa alipoambiwa haya, mwisho wa daraja, aliketi juu ya mfuko wake kama mtu aliyepigwa na jua. Alitaka kucheka, akaona macho ya Nyamvula, akaacha. Akaeleza kwamba kule Kolombo, ng'ambo alikopelekwa na jeshi, maofisa walikuwa na kiwanja cha kujifunza gofu, mchezo wa Wazungu wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo kaende mbali. Yeye na wenzake walitumwa kuokota vimpira hivyo. Mbali kabisa, zaidi ya hatua mia mbili, palitundikwa debe, na atakayelipiga atapewa kikombe. Mwezi mzima hakuna aliyeligusa. Siku moja ofisa mmoja, kwa kutaka kuchekesha watu, akampa Ruwa fimbo. Ruwa alifumba macho akapiga, na debe likalia. Hata yeye alishtuka. Mke wa daktari, aliyekuwa mgeni wa heshima siku hiyo, akampa mkono mbele ya mpiga picha.

"Na kikombe kiko wapi?"

"Walikichukua jioni ileile. Walisema si cha askari mweusi. Picha ndiyo waliyoniachia."

"Umeitunga melini hiyo."

"Nyamvula, nilikuandikia barua nne nyingine."

Nyamvula akatazama pembeni. "Nilizichoma."

"Zote?"

"Zote, bila kuzifungua. Moja haikuwaka vizuri, nikaiongezea kifuu."

Kisha Nyamvula, ambaye hasira yake haikupenda kushindwa, akamwambia kama ni kweli aje kesho alasiri nyuma ya kanisa ampigie huo mpira auone.

Ruwa alikuja. Alichonga fimbo kutoka upongoo, ule uti mgumu wa kuti la mnazi, na kwa mpira akaokota vidaka, vile vinazi vichanga vinavyopukutika. Nyamvula alisimama mikono kiunoni. Kidaka cha kwanza Ruwa alikikosa, akapiga upepo. Cha pili akachimba mchanga, ukamwingia Nyamvula machoni. Cha tatu kilirudi nyuma, jambo ambalo sijui mtu hulifanyaje, na cha nne kikamwangukia mguuni mwenyewe. Jasho lilimtoka. Alijaribu hadi vidaka vikaisha.

"Hujui," Nyamvula akasema.

"Sijui. Nilibahatisha mara moja tu maishani, na sitaweza tena."

Hapo ndipo Nyamvula alipopata mshtuko wa pili, mkubwa kuliko ule wa darajani. Mwongo angejitungia ustadi. Mwongo asingekubali kuja kuaibika hivi mchana kweupe mbele ya mtu ampendaye. Alikuwa amemhukumu mtu wa kweli, na barua zake amepikia uji.

"Ruwa, nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Lakini jina lako limesomwa kanisani pamoja na la mtu mwingine, na Elkana hajanikosea. Sitakuomba kitu. Jumamosi naenda Rabai kwa mama."

Akaiweka fimbo chini akaenda zake. Nyamvula hakula siku hiyo wala kesho yake. Kitambaa cha gauni la arusi kilikwisha kukatwa, baba yake amealika watu hadi wa Changamwe, na mtu anayemtaka amekataa kumwomba.

Jumapili kanisa lilijaa. Kasisi akasoma majina kwa mara ya tatu, akauliza kwa mazoea kama yuko mwenye pingamizi, akaanza kufungua ukurasa wa zaburi.

Nyamvula akasimama. "Niko mimi."

Kasisi alidhani hakusikia vyema. Mzee Garama aligeuka nusu, mdomo wazi. Tangu lini bibi arusi akaipinga ndoa yake mwenyewe?

"Una sababu gani, binti yangu?"

"Nampenda mtu mwingine. Nilimwacha bila kumsikiliza, na sasa nimemsikia. Elkana ni mtu mwema, sitaki kumdanganya mbele ya Mungu. Elkana, niwie radhi."

Elkana akasimama polepole. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ni afadhali ameambiwa leo, akatoka, na kofia yake ikabaki juu ya benchi. Ilimuuma kila mtu kuiona.

Nje, Mzee Garama alimpita bintiye bila kumtazama. Nyamvula alikuwa akifunga leso yake wakati sauti ilipomwita nyuma. Ruwa hakwenda Rabai. Alikuwa kwenye benchi la mwisho, amekuja kusikia kwa masikio yake ili moyo ukate tamaa.

"Nyamvula, hukujua kwamba nimo mle kanisani."

"Sikujua."

"Na kama ningekuwa nimekwenda? Kama nisingerudi?"

"Ningebaki bila mume," Nyamvula akasema. "Lakini nisingeolewa na hasira yangu."

Ruwa alimposa tena palepale, watu wakisikia, na Nyamvula akamwambia akaanze kwa kumwomba radhi Mzee Garama, maana hapo ndipo penye kazi.