Mkate Uliokataa Kuvunjika

"Mama, umenilisha ngano?"

Mama mkwe hakuinua hata macho. Aliendelea kukoroga chai yake, na mimi nimesimama mbele yake na kipande cha mkate mkononi.

"Nakuuliza wewe, Mama."

"Nimekusikia. Rudia kwa adabu."

Nilikikunja kile kipande mbele ya uso wake. Kilikunjika kama kitambaa, hakikuvunjika. Mkate wangu haukunjiki. Nauoka kwa unga wa mchele, mayai na mafuta. Haukandwi, unamiminwa kwenye chombo kama uji mzito. Nasubiri upoe kabisa, naukata, naweka karatasi kati ya kipande na kipande, kisha nauweka kwenye friza, maana ukilala mezani siku moja tu unabaki chengachenga. Sili mwingine. Daktari alishaniambia wazi kwamba ngano inaniharibu matumbo.

Wiki mbili nilikuwa naharisha. Nimekonda, cherehani imelala, wateja wananuna. Mume wangu alinihurumia mpaka nikaona haya. Kila asubuhi alinichomea vipande viwili, akavipaka siagi ya karanga, akaniletea kitandani na chai. Leo alikuwa bado anaoga, nikaenda kuvitoa mwenyewe. Barafu ilipoyeyuka nikakiona kipande kilivyo.

Basi nikammwagia mama mkwe yote ya miaka minne. Kwamba ananiita mdekaji mbele ya wifi zangu. Kwamba eti ugonjwa wangu nimeusoma kwenye simu. Kwamba amefika jana tu na tayari ameshika jiko. Hasira haikuniacha nihesabu kwamba mimi naumwa wiki mbili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza? Mimi sikupendi, na nilikuambia usoni. Nikitaka kukufukuza nitakufukuza mchana kweupe, sitajificha kwenye friza."

Akaisukuma simu yake juu ya meza.

"Soma. Hiyo ndiyo iliyonileta."

Ulikuwa ujumbe wa mume wangu, wa juzi:

*Mama, wiki ya pili hii namlisha mkate wa dukani na hajui. Mbona hajafa? Si nilikuambia anadeka tu? Mwezi ukiisha namuumbua.*

Niliusoma mara mbili. Nikavuta kiti, nikakaa. Nilikuwa nimemchukia mtu ambaye siye, na niliyempenda ndiye.

"Ulikuwa unajua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa namsubiri atoke bafuni," alisema mama mkwe.

Mume wangu akatoka, taulo kiunoni, anaimba. Aliiona simu mkononi mwangu, wimbo ukakatika. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mama yake.

"Mkate wangu uliupeleka wapi?" nilimuuliza.

"Niliutupa."

"Nikiharisha ulikuwa unanisugua mgongo."

"Nilidhani unaigiza. Nilitaka tu kujua ukweli."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema uleule."

"Kwa sababu ndio ukweli."

Hapo akaanza kujitetea. Marafiki zake wanamcheka, nyumba nzima inaendeshwa na mkate, hata sherehe za watu hatuendi kwa raha. Mara amekasirika, mara analia, mwisho akapiga magoti. Mama yake akamwambia avae kwanza suruali, toba ya taulo haina heshima. Siku nyingine ningecheka.

"Nisamehe, mke wangu. Nakupenda, Mungu anajua. Kuanzia leo nitakuokea mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Halafu nani ataula?"

Nilimwona anahesabu asubuhi zote kumi na nne, sinia, chai, busu la kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokivunja. Nilimpigia simu dada yangu aje anichukue. Nilikuwa bado nampenda, na ndicho kilichoniuma zaidi ya tumbo. Nilikunja nguo zangu huku nalia, nikafunga zipu ya begi, nikamwomba mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni, anipishe.