Ukuta Alioacha Ambrose

Haya yalimpata rafiki yangu Hester, niliyekuwa nikikaa naye benchi moja kanisani kule Suffolk, Uingereza. Mumewe, Ambrose, alikuwa amezikwa Jumanne. Alikuwa ameacha ukuta mmoja wazi, fito tupu kati ya nguzo za mwaloni, nao ilibidi uzibwe kabla ya barafu kuanza.

Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja nje na mwingine ndani, ili udongo ukutane na kushikana kwenye fito.

"Utauweza peke yako, mama?" jirani yake Garrod alimtania. "Udongo wote utalala sakafuni. Wewe anza kukanyaga. Nikishakamua ng'ombe nitakuja niingie ndani."

Hester alikanyaga udongo, mabua na mavi ya ng'ombe. Mchana ulikuwa umeanza kufifia, naye amesimama nje ya ukuta na tonge la udongo mkononi, aliposikia tonge likipigwa kwenye fito kutoka ndani, gizani: pa. Akapiga tonge lake. Pa, akajibiwa. Hakusema neno, tangu mazishi maneno yalimwia mazito. Walikwenda hivyo, tonge kwa tonge, mpaka fito zote zikafunikwa.

"Asante, Garrod," alisema.

"Ya nini?" Garrod alikuwa nyuma yake, langoni, viatu vimelowa maziwa. "Nisamehe, ng'ombe kapiga ndoo teke. Haya, tuanze?"

Hester aliwasha taa akaingia. Ukuta wa ndani ulikuwa umesawazishwa vizuri. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la Ambrose, Mungu amrehemu, ambalo hakuna aliyeligusa tangu Jumanne. Mikono ya koti ilikuwa imekunjwa hadi viwikoni, na udongo mbichi ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye mikono hiyo hadi sakafuni.