Bandeji Iliyoanikwa

Kofuli la kabati la wodi halikuwa na hata mkwaruzo, lakini ndani hamkuwa na kitu. Bandeji zote nyevu za kuua bakteria, zilizoagizwa kwa ajili ya vidonda vilivyoshindikana, zilikuwa zimeibwa.

"Bila hizo usaha utapanda," daktari wa upasuaji alimwambia Inspekta. "Kesho itabidi nimkate mguu yule pale."

Yule pale alikuwa fundi cherehani, kidonda ndugu kimemla kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Mguu ukienda, kazi nayo ndiyo basi. Mdomo wake, hata hivyo, ulikuwa mzima kabisa.

"Afande, pindo la suruali yako limefumuka. Niokolee mguu, nikushonee."

Inspekta alitazama chini. Kweli. Alitaka kukasirika, akaishia kucheka, na tangu hapo akautaka mguu ule ubaki kana kwamba ni wake.

Ufunguo walikuwa nao watu wawili tu: muuguzi mkuu wa wodi na mtunza stoo. Daktari alikwishakata shauri kwamba mwizi ni muuguzi, maana ndiye aliyefunga kabati jana.

"Umezipeleka wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi? Kidonda hicho nimekihangaikia kama mtoto!"

"Jibu swali, dada."

"Sikuzichukua."

Mtunza stoo alikuwa mpole kupita kiasi. "Mimi mtu wa maboksi, afande. Yanaingia, yanatoka. Ya ndani siyajui."

Inspekta alizunguka nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka yanakoanikwa. Chini ya kamba aliokota kitambaa kilichokauka kau, bado kimebanwa na kibanio cha nguo. Alipomwonyesha muuguzi, nusura dada wa watu alie.

"Nani kafanya unyama huu? Dawa hii inafanya kazi ikiwa na unyevu. Ikikauka inagandana na nyama, na ukiibandua kidonda kinaanza upya!"

Inspekta alianza kuona mwanga. Mwizi alifungua pakiti, akakuta bandeji imeloa, akadhani imeharibika. Muuguzi asingekosea hivyo.

Aliomba kipande cha shashi kilicholowekwa maji ya chumvi, kisha akamwita mtunza stoo.

"Ndugu, nimejikwaruza kidole. Hebu nifunge."

Mtunza stoo aliikamua shashi, akaipuliza, akaipunga dirishani.

"Unafanya nini?"

"Naikausha, afande. Kidonda utakifungaje na kitu kibichi?"

Inspekta aliweka ile bandeji kavu mezani. "Kama ulivyoikausha hii?"

Mtunza stoo aliificha shashi nyuma ya mgongo.

"Alama za vidole kwenye kibanio zitasema," Inspekta aliendelea. "Ila sema wewe kwanza."

"Ni mama yangu. Ana kidonda kama cha fundi. Hataki hospitali, anasema wataukata mguu. Nikaona nimtibu mwenyewe. Nilipofungua moja nikaikuta imeloa, nikadhani stoo imevuja."

"Mbona hukuomba?"

"Aibu, afande. Mimi mtu wa hospitali, halafu mama yangu ananuka nyumbani?"

"Zilizobaki?"

"Chini ya kitanda chake. Sijazifungua, nilikuwa nangoja ile ikauke."

Gari la polisi lilirudi na boksi, na mama mtu akiwa kiti cha nyuma, baada ya kuahidiwa kwamba mguu haukatwi. Njia nzima alimpasha mwanawe mwenye pingu. "Umenitia aibu mjini, na mguu wenyewe hukuutibu!"

Mchana ule muuguzi alifunga miguu miwili. Daktari ndiye aliyeshika trei, na alimwomba samahani mbele ya wodi nzima. Wagonjwa wakapiga makofi, wenye mikono ya kupigia.

Mtunza stoo alifikishwa mahakamani. Kidonda cha fundi kilianza kuota nyama nyekundu, safi, kikasinyaa, kikafunga.

Siku Inspekta alipoingia dukani kwake, alimkuta mama wa mtunza stoo kwenye benchi, miguu yote miwili ameinyoosha, akisimamia kazi kama mwenye duka.

"Suruali ni ile ile?" fundi aliuliza.

"Ile ile. Sikumpa mtu mwingine."

Fundi akapitisha pindo chini ya sindano, akaweka mguu kwenye pedeli, ule ule waliotaka kuukata, akakanyaga.