Msumeno wa Marehemu Shabani

Kaka yangu Kastori alikuwa seremala huko Bugendana, na watu walimjua zaidi kwa kitu kimoja: ukimpa msumeno mkuukuu, atakuambia umri wake. Ujuzi huo aliupata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia. Tuliporudi Burundi aliendelea kuinunua misumeno kila alipoikuta kwenye vyuma chakavu, akaisafisha, akaifanyia kazi. Mimi naitwa Imelda, ni mdogo wake, nashona nguo Gitega mjini. Ninayosimulia hapa mengine niliyaona mwenyewe, mengine nilielezwa na wifi yangu Emiliana, mwanamke asiyejua kuongeza chumvi.

Ilikuwa siku ya soko Muyinga, wakati wa kiangazi. Kaka alikwenda kutafuta bawaba za milango. Kwenye turubai la muuza vyuma mmoja aitwaye Houssein, katikati ya majembe yasiyo na mipini, akaona msumeno wa mkono. Akachuchumaa.

Skrubu za mpini zilikuwa za shaba, vichwa vyake vimelala sawasawa na mbao. Za siku hizi ni za chuma, tena zimetuna. Mgongoni mwa bapa, karibu na ncha, palikuwa na kijino kimoja cha urembo ambacho viwanda viliacha kukiweka zamani. Kaka akakadiria kuwa ni wa enzi za Wabelgiji, wa miaka mia au karibu na hapo. Lakini ulikuwa umechoka. Bapa lilikuwa limepungua hadi karibu nusu ya upana wake, kama lililonolewa maisha yote. Skrubu moja haikuwepo, mtu alikuwa amepigilia msumari mahali pake. Na meno mawili ya katikati yalikuwa yameng'oka.

"Ulikuwa wa nani?" kaka akauliza.

"Wa mtu," Houssein akajibu. "Iko nzuri, mzee. We chukua tu."

Alikubali bei ya kwanza bila kubishana. Wakati wa kuufunga, hakuushika. Aliusukuma kwa mguu mpaka ukaingia ndani ya gunia. Kaka alidhani anaogopa kutu.

Nyumbani aliusugua kwa mafuta ya taa na majivu, akautundika karakanani, akaanza kuutumia. Aliusifia sana. Alimwambia mkewe kuwa unakwenda wenyewe, mkono unaufuata tu.

Baada ya wiki kadhaa, Emiliana alimkuta amesimama dirishani na rula, anaupima.

"Umepanuka," kaka akasema.

"Vyuma havipanuki, baba Happy."

Akamwonyesha mpini. Ule msumari haukuwepo. Mahali pake palikuwa na skrubu ya shaba, imelala sawasawa na mbao, imechakaa kiasi kilekile cha wenzake.

Siku chache baadaye wakiwa wanakula maharage mchana, kaka alisita kutafuna. Akatema gego kiganjani. Halikuwa na damu. Jioni yake likatoka la pili. Wifi alikwenda karakanani peke yake kuutazama ule msumeno. Pengo la katikati lilikuwa limeziba.

Akanipigia simu, nikaenda. Mlangoni mwa karakana nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, nywele nyeupe, mgongo umepinda. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama kaka yangu yupo.

"Imelda," akasema, "ni mimi."

Kaka alikuwa na miaka arobaini na moja.

Nikamwomba anipe ule msumeno nikautupe. Akaukumbatia kifuani kama mtu anayekinga mtoto na mvua.

"Una miaka mia huu," akasema kwa sauti ya chini, "na sasa hakuna hata alama moja ya tupa. Utasema haujawahi kunolewa. Sijapata kushika kitu kizuri namna hii. Ukiugusa, tusijuane."

Aliyasema hayo akinitazama kama adui.

Kesho yake nikaenda Muyinga. Houssein aliposikia natokea Bugendana kwa fundi seremala, alianza kukunja turubai lake. Pembeni yake alikuwa amekaa dada yake, mjane aitwaye Kadidja, anauza ndagala. Yeye ndiye aliyeninong'oneza, macho yake yakiwa kwenye samaki.

"Ilikuwa ya bwana yangu, Shabani. Alikufa kijana, lakini watoto wa hapa walikuwa wanamuita babu. Siku tulimuzika, ile msumeno ilikuwa inang'aa kama mpya. Mi nikaificha juu ya plafoni, kule darini. Hakuna mtu aliigusa. Ikaanza kukonda. Meno ikaanguka yenyewe. Nikaogopa siku moja itashuka kujitafutia mtu."

"Ndiyo mkamuuzia kaka yangu?"

"Tulisema ipewe mtu wa mbali. Mtu mwenye hatutasikia kilio chake."

Nikawaambia nitaurudisha. Hapo Houssein akageuka.

"Ukiileta hapa," akasema polepole, "tutakupigia kelele za mwizi. Unajua soko hii. Hautatoka."

Nilirudi Bugendana jua likianza kushuka. Tangu barabarani nilisikia mbao zikikatwa. Kaka alikuwa amepiga magoti karakanani, shavu lake limelala juu ya ubao. Msumeno ulikuwa unakwenda na kurudi.

Nikasogea.

Macho yake yalikuwa wazi. Bega lake lilikuwa limelegea. Vidole havikuwa vimeshika mpini, vilikuwa vimewekwa tu juu yake.

Msumeno ulikuwa unakwenda.

Niliudaka kwa mkono wa kulia. Mpini ulikuwa na joto. Ulijaa kiganjani mwangu kana kwamba umechongwa kwa kipimo changu. Nikavuta. Ukavuta. Kwa muda nilihisi kitu kikinivuta kwapani, taratibu, kama uzi unaofumuliwa kwenye nguo.

"Achia," kaka akanong'ona. "Achia, Imelda. Utakuzoea."

Nikauachia, ukaanguka chini. Ukatulia.

Kaka alikufa jioni ileile. Waliomwosha walisema walidhani wanamwosha babu yetu. Emiliana aliubeba msumeno kwa fimbo mbili, hakuamini hata kitambaa kumkinga na chuma kile, akautumbukiza mto Ruvubu. Nilikuwa nimesimama naye. Niliuona ukizama.

Hayo ni ya mwaka juzi.

Nina miaka thelathini na sita. Mkono wangu wa kushoto ni wa miaka thelathini na sita. Wa kulia ngozi yake imekunjamana, ina madoa ya kahawia, na kucha zake zimekuwa ngumu na za manjano. Daktari aliutazama, akauweka kando ya mwenzake, akaniuliza kama niliwahi kuungua. Wateja nawapima kwa mkono wa kushoto.

Mikunjo ilikuwa inaishia kwenye kifundo cha mkono, pale ninapovaa bangili. Juzi niliivua ili nioge. Mikunjo ilikuwa imeshavuka hapo.