Aliyenifunga Plasta ya Kiwiko

Nilisikia kiwiko kikilia "ta" kabla mkuki haujanitoka mkononi...

Nikapiga magoti pale pale uwanjani. Mkuki ulianguka karibu kiasi cha aibu, vidole vikawa havinisikii. Na yale ndiyo yalikuwa mashindano ya kumchagua wa kwenda kujinoa ng'ambo.

Wa kwanza kunifikia alikuwa mume wangu. Yeye ndiye mchua misuli wa timu yetu, na jamani, alilia kuliko mimi.

"Pole, mke wangu. Bahati mbaya tu."

Nikaamini. Msimu mzima kiwiko kilikuwa kikiniuma, na mkono ule aliulea yeye. Barafu yeye, kuchua yeye, plasta ya kushikilia kiwiko yeye. Wenzangu walinionea wivu waziwazi.

Baada ya upasuaji akaja mpinzani wangu, mwenzetu kwenye timu, yule tunayemwita Msumari. Salamu tu zilikuwa zinatushinda, nikajua kaja kunicheka.

"Dada, usinielewe vibaya. Si ulikuwa unaumwa upande wa ndani?"

"Wa ndani, ndiyo."

"Sasa mbona mumeo plasta alikufunga upande wa nje? Pale haishiki kitu. Mimi nikiumwa hapo hapo, hunifunga ndani."

Nikaanza kuzihesabu asubuhi zote alizonifunga...

Jioni mume wangu alipoingia na chupa ya chai, sikuzunguka.

"Plasta yangu. Ulikosea?"

Akaiweka chupa mezani.

"Nakuuliza, ulikosea?"

"Hapana." Akakaa, hakuniangalia. "Ungechaguliwa ungeondoka. Nilijua ukizidi kuumwa utaacha mwenyewe. Sikudhani kano itakatika."

"Si ungeniambia nisiende?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Na alilijua hilo, ndiyo maana hakuniuliza. Wapenzi wasomaji, hapo ndipo paliponiuma kuliko kisu cha daktari. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikuwa nakishukuru kila asubuhi.

Siku ya kutoka hospitali alikuja kunivisha blauzi. Nikamwambia asiniguse. Nikahangaika na vifungo kwa mkono wa kushoto, machozi yananitoka, naye kasimama tu pale na mikono yake ya kutibu watu.

Kurusha mkuki ndiyo basi tena. Somo nawaachia ninyi: mtu akikuuguza kwa mapenzi mengi, usiangalie mikono yake tu. Jiulize, ukipona, yeye atapoteza nini?