Maji ya Mgeni wa Makambako

Kitanda kilikuwa kimelaliwa. Mambo yalianzia hapo, na anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Enoki alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni ya Serikali pale Makambako, enzi za Mwingereza, ile miaka mibaya ambayo hata wazungu walikuwa wakilia njaa ya pesa. Kazi yake ilikuwa kuwapokea maafisa waliopita njia ya Iringa, Mbeya na Njombe: awawashie moto, awachemshie maji ya kuoga, awatandikie vitanda. Na kwa kutandika, jamani, Enoki hakuwa na mpinzani. Shuka lake lilikaa bila kunyanzi hata moja. Basi asubuhi ile alipofungua chumba cha pili akakuta shuka limevurugika na mto umebonyea katikati, alisimama mlangoni ameshika kitasa. Majuma yalikuwa yamepita bila mgeni yeyote. Akaugusa mto, akaukuta una joto.

"Panya," alijiambia. Panya gani huyo wa kulalia mto, na mtu mzima una akili zako! Lakini Enoki alikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi, na hofu kubwa huimeza ndogo.

Hofu hiyo ililetwa na Agustino, karani wa boma la Njombe, Mkatoliki mmoja mwembamba aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi. Alikuja kukagua nyumba, akaketi jikoni, akasema kwa sauti ya chini ingawa walikuwa wawili tu.

"Wanapunguza watu, ndugu yangu. Matarishi wameshakwenda kwao. Sasa wanatazama nyumba za wageni. Isiyolala watu inafungwa, na mtunzaji anaambiwa asante."

"Asante tu?"

"Asante tu. Wanasema kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Mimi sikucheki, Enoki. Nami ni kuni."

Enoki hakuwa mjinga wa kungoja mvua imnyeshee ndipo atafute paa. Alikwisha kumpeleka mkewe, Tabea, na binti yao mdogo, Ema, kule Mahongole, wakafyeke shamba la marehemu baba yake lililokuwa limegeuka pori. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda kukandika nyumba ya udongo. Lakini nyumba haikuwa na paa bado, na ulezi ulikuwa mbichi. Kama angefukuzwa kabla ya mavuno, wangekula nini? Udongo? Kila usiku aliomba jambo moja tu: "Bwana, nisogeze mpaka mavuno."

Serikali ilikuwa imekata hata viberiti. Ndiyo maana Enoki hakuuacha moto wa meko ya sebuleni uzimike. Upepo wa Makambako mnaujua, haupigi hodi. Kila jioni alifukia makaa kwenye majivu, asubuhi akayafukua, na moto ule ule ukaendelea tangu masika.

Siku chache baada ya kile kitanda, jua likizama, alikuwa akifuta chimni ya taa aliposikia sauti kutoka chumba cha pili.

"Enoki. Maji."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyezoea kutumikiwa. Wewe ungekimbia, nami ningekuacha nyuma. Lakini Enoki alikuwa ameitwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na kinywa chake kilijibu kabla akili haijafika.

"Ndiyo, bwana. Karibu, bwana."

Miguu nayo ikaufuata mdomo. Alichemsha debe, akaliweka mlangoni, akarudi jikoni. Asubuhi debe lilikuwa tupu na kavu ndani, kitanda kimelaliwa, na chumba kizima kikinuka kama nguo iliyounguzwa na pasi.

Angesema kwa nani? Yeye mzee wa kanisa la Kilutheri, aende kwa mchungaji aseme nahudumia kitu nisichokiona? Na Tabea alipomwuliza Jumapili, "Baba Ema, mbona umekonda?" alijibu ni baridi. Hapo alikosea, maskini.

Agustino alirudi bila taarifa, jioni moja ya ukungu. Alitazama rundo la kuni lililopungua, akatazama sakafu yenye maji. Kisha mtu akakohoa nyuma ya mlango wa chumba cha pili.

"Kuna nani?" alinong'ona Agustino, akivua kofia.

"Mgeni."

"Afisa?"

"Hapendi kusumbuliwa."

Agustino alitoka kwa ncha za vidole, akafurahi kama aliyepona ni yeye. "Basi nyumba yako inalala watu! Nitawaambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, eh?" Akampiga Enoki begani, akashika njia ya Njombe. Kweli, barua ya kufunga haikuja mwezi ule. Enoki alimshukuru Mungu, kisha akaona haya, kwa sababu hakujua aliyemwokoa alikuwa nani.

Mgeni naye akazidi. Maji yalitakiwa mara mbili, kisha mara tatu. "Yamepoa, Enoki," sauti ilisema, hata yakiwa yanatokota. "Yamepoa." Kuni ziliisha upesi. Mbwa wa madukani hawakukaribia ua, na maziwa yaliganda yakiwa bado kwenye kibuyu cha muuzaji.

Jioni moja Enoki alishindwa na udadisi, akajibanza ukumbini baada ya kuweka debe, akasikia maji yakimiminika juu ya kitu ambacho hakikupiga kelele ingawa maji yale yangembabua ngozi binadamu yeyote, kisha mlango ukafunguka bila mkono na nyayo zikaanza kuonekana sakafuni, mbichi, moja baada ya nyingine, nyayo ndefu zisizo na vidole, zikampita yeye aliyejibana ukutani akiuma kanzu yake ili asipige yowe, zikaingia sebuleni, zikaenda moja kwa moja mpaka mekoni, na unyayo wa mwisho ulikanyaga ndani ya majivu, ukazama, na majivu yakainuka na kushuka, yakainuka na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha sauti ikatoka humo, karibu kabisa.

"Nyumba hii ina baridi, Enoki. Ile ya Mahongole itakuwa na joto?"

Asubuhi aliacha milango wazi, akaenda mbio madukani kwa Maalimu Saburi, mtu wa pwani aliyeshona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi na ambaye watu walimfuata kwa mambo kama haya. Maalimu alimsikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Alikuita, ukaitika?"

"Niliitika."

"Ukamkaribisha?"

"Nilisema, karibu, bwana."

Cherehani ilisimama. "Basi si mgeni wa Serikali tena. Ni mgeni wako. Huyo hakai kitandani, bwana mkubwa. Anakaa motoni. Moto ule umeuzima lini?"

"Tangu masika haujazimika."

Maalimu alimngojesha mpaka aliposwali adhuhuri na kuandika kombe, aya alizoziosha kwa maji ya kunyunyiza, ndipo wakaenda pamoja. Alisoma akizunguka vyumba, akanyunyiza, kisha akamwamuru Enoki amwage maji mekoni, ndoo kwa ndoo. Kikatoka kilio chembamba, kama kuni mbichi inavyolia ikichomwa, kikachelewa kwisha. Walichota majivu yote wakayatupa mtoni. "Hata kaa moja lisibaki," alisema Maalimu akifuta jasho. "Akibakiwa na kaa moja, ana nyumba."

"Halijabaki hata moja."

Usiku ule Enoki alilala kwa baridi kali na kwa raha kubwa. Kitanda cha chumba cha pili kilibaki vilevile alivyokitandika, na kesho yake pia.

Nyumba isiyolala watu, tuliambiwa, inafungwa. Hata Jumapili haijafika, Agustino alikuja na kufuli. Hakuweza kumtazama rafiki yake usoni.

"Nisamehe, Enoki."

"Funga tu, ndugu yangu. Funga vizuri."

Agustino alishangaa kumwona mtu aliyefukuzwa kazi akitabasamu. Enoki alijitwika blanketi lake na sufuria moja, akaelekea Mahongole akiimba pambio. Ulezi ulikuwa umeanza kukunja vichwa, mavuno yalikuwa karibu. Wangekula mboga za porini juma moja au mawili, wasife. Alipofika kilimani aliiona nyumba yake, ina paa, na moshi ukipenya kwenye nyasi mpya. Machozi yalimtoka.

Tabea alimpokea uani, mikono ina udongo.

"Kamwene, Baba Ema! Umeona? Kaka zangu walikuja wakaezeka. Nilikufuata Makambako kukuambia, sikukukuta. Nikaona nisirudi mikono mitupu."

"Ulikuja lini?"

"Siku ile uliyoacha milango wazi, mtu gani wewe! Nikachukua moto. Mama alinifundisha, nyumba mpya haiwashwi kwa moto wa kuomba kwa jirani, huwashwa kwa moto wa mwenye nyumba. Nikaufukua mekoni kwako, nikautia kwenye kigae na majivu yake, nikaubeba mpaka hapa. Haukuzimika njia nzima, hata kwenye ule upepo! Nikasema, hii ni baraka."

Sufuria ilimwanguka Enoki. "Tabea. Uzime. Uzime sasa hivi."

"Nizime, na mgeni wako anasubiri kuoga?"

"Mgeni gani?"

"Yule bwana wa Serikali. Amefika tangu jana, hata sura hajanionyesha, yuko chumbani tu anaagiza." Tabea alishusha sauti, kwa heshima. "Anasema wewe hujawahi kumnyima maji. Nimemtuma Ema ampelekee."

Enoki alikimbia. Alipofika kizingitini alinusa harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Ndani kulikuwa na giza na joto, joto zuri la nyumba yenye moto, na Ema alikuwa amesimama mbele ya pazia la chumba, kata tupu mkononi, mtoto mwenye adabu zake, akigeuka kumtazama baba yake.

"Baba," alisema Ema, "anasema yamepoa. Anasema niingie nimwoneshe moto uko wapi."

Na pazia likajisogeza kumpisha.